Kutafuta Kiota Bila Kufunua Majani

Miongoni mwa maneno ambayo mwanachuo wa ualimu hujifunza mapema ni neno "uchunguzi". Huliandika katika andalio la somo, hulitamka mbele ya mkaguzi, na siku ya mtihani hulieleza kwa hatua zake zote: kuona, kuuliza, kukisia, kujaribu na kuamua. Hata hivyo, ni nadra kwa mwanachuo kupewa nafasi ya kukaa mahali pamoja kwa saa mbili akichunguza jambo ambalo jibu lake halimo kitabuni wala halimo mfukoni mwa mkufunzi wake. Katika makala haya nataka kueleza kazi moja ya namna hiyo, iliyofanywa na wanachuo 12 pamoja nami katika msimu mmoja wa masika, karibu na mji wa Morogoro. Kazi yenyewe ilikuwa kumtafuta ndege mdogo wa majanini, pamoja na kiota chake.

Makala haya hayamlengi mtaalamu wa ndege. Yanamlenga mwalimu anayejiuliza namna ya kumfundisha mtoto tofauti iliyopo kati ya jambo aliloliona na jambo analolidhani. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu ya sayansi iliyo ngumu kuliko zote kuifundisha, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Ndege na makazi yake

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru. Mawingu yatokayo upande wa Bahari ya Hindi huzuiliwa na milima hiyo, mvua hunyesha juu ya misitu yake, na maji huteremka kwa vijito na mito mingi. Mto Ruvu, ambao maji yake hutumiwa hata na wakazi wa Dar es Salaam, una chanzo chake humo. Mto Ngerengere nao huingia katika bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 ili kuupatia mji maji. Pembezoni mwa bwawa na katika mabonde yaliyo jirani, maji hutuama wakati wa masika. Hapo huota matete, mafunjo na nyasi ndefu, na kando yake watu hulima mpunga na mboga.

Mtu anapotajiwa ndege wa Uluguru hufikiri kwanza ndege wa msituni, na ana haki. Yuko chozi mmoja, aliyepewa jina la Loveridge na kuelezwa kitaalamu mwaka 1922, ambaye makao yake duniani ni milima hiyo tu. Lakini sikutaka wanachuo wangu wamtafute ndege mwenye sifa. Shule nyingi watakazopangiwa hazipakani na msitu mashuhuri. Nilitaka ndege ambaye huenda yupo nyuma ya vyoo vya shule yoyote iliyo karibu na mbuga ya majani au shamba la mpunga, na ambaye pamoja na hayo hakuna anayemtazama mara mbili.

Ndege huyo wataalamu humwita sistikola. Jina hilo ni la ukoo wenye aina zipatazo 50, na nyingi kati yake zimo barani Afrika. Mmoja wao, Cisticola juncidis, ameenea kutoka Afrika na kusini mwa Ulaya hadi Asia na kaskazini mwa Australia. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 10, na uzito wake ni kama gramu 10, yaani mwepesi kuliko barua iliyotiwa ndani ya bahasha nene. Mgongo wake una michirizi ya kahawia na nyeusi kama majani makavu. Akitua majanini hupotea. Wakati wa kuzaliana dume huruka juu ya bonde kwa kupanda na kushuka, kama mtu anayepita juu ya matuta, na kila apandapo hutoa mlio mfupi mkali: tsi, tsi, tsi. Kisha huanguka ghafula majanini, na usimwone tena.

Ugumu haupo katika ndege mmoja tu. Ukoo mzima ni wa ndege wadogo, wa kahawia, wenye michirizi, wanaofanana kiasi cha kumkatisha tamaa hata mtu mwenye darubini. Hubert Lynes, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyejitolea miaka mingi kuwachunguza, alichapisha uchambuzi wake mrefu juu ya ukoo huo mwaka 1930. Na tangu wakati huo imefahamika kuwa mara nyingi sistikola hutambulikana kwa sauti, kwa mwendo wa kuruka na kwa mahali anapoishi, kabla ya kutambulikana kwa rangi. Kwa maneno mengine, huyu ni ndege anayemlazimisha mtafutaji atumie masikio na subira. Kwa mkufunzi wa sayansi, hiyo ni zana bora ya kufundishia, nayo hainunuliwi.

Daftari la safu tatu

Tulikwenda bondeni kila Jumamosi asubuhi kuanzia katikati ya Machi. Kila mwanachuo alikuwa na daftari lililochorwa safu tatu. Ya kwanza iliandikwa "Nilichoona", ya pili "Nilichosikia", na ya tatu "Ninachodhani". Sharti lilikuwa moja: neno lolote lililotakiwa kuandikwa katika safu ya tatu lisijipenyeze katika safu ya kwanza.

Sharti hilo lilionekana jepesi hadi tulipoanza kusoma madaftari. Mwanachuo mmoja aliandika katika safu ya kwanza: "Ndege ameingia kiotani saa 1:40." Wenzake walimwuliza, "Kiota umekiona?" Akasema hapana. "Sasa umejuaje kuwa ameingia kiotani?" Akasema, "Kwa sababu alishuka pale pale aliposhuka mwanzo." Baada ya mabishano, sentensi yake ilivunjwa vipande viwili. Katika safu ya kwanza aliandika: "Saa 1:40 ndege ameshuka majanini, kushoto kwa tete lililovunjika, hakuonekana tena kwa dakika nne." Katika safu ya tatu aliandika: "Huenda kiota kipo hapo, kwa kuwa ameshuka mahali hapo mara mbili." Hakuna lililopotea katika masahihisho hayo. Wazo lake lilibaki. Ila sasa lilikuwa limekaa kwenye kiti chake.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha wakufunzi aliniuliza, kwa wema kabisa, nitawapa alama gani wanachuo hao siku watakaporudi bila kuona kitu. Swali hilo ni la haki, maana sote tunafundisha chini ya kivuli cha mtihani. Nilimjibu kuwa nitasahihisha madaftari. Mtu aliyekaa saa mbili akaandika "hakuna ndege aliyeonekana, mlio mmoja saa 2:05 upande wa mashariki, mvua ilianza saa 2:20" amefanya kazi kamili. Aliyeandika hadithi nzuri ya ndege ambaye hakumwona hana alama, hata kama hadithi yenyewe ni ya kweli katika vitabu. Mwenzangu alitikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu anayengoja kuona mwisho wa jambo.

Jumamosi ya pili vijana wachache walitoa shauri kwamba tujipange mstari, tupite majanini tukiyafunua kwa fimbo, na kwa njia hiyo tutakipata kiota asubuhi moja. Tulilijadili shauri hilo papo hapo. Je, kiota kilicho shubiri moja au mbili juu ya ardhi kitapona chini ya viatu vya watu 12? Je, njia tutakazozikanyaga hazitamfikisha nyoka, kenge, au mtoto mwenye manati? Na ndege aliyeshtuliwa mara nyingi akiwa katika kujenga huweza kukiacha kiota chake. Ikakubaliwa kuwa asiingie mtu majanini, na kwamba kiota kitafutwe kwa kumtazama mwenye nacho. Jina la makala haya limetokana na uamuzi huo.

Mviringo wenye mlango ubavuni

Jumamosi ya tatu kulitokea kelele za furaha kando ya njia ya watu. Mwanachuo mmoja alikuwa ameona mviringo wa majani makavu, kiasi cha ngumi mbili, umekaa katikati ya mashina ya nyasi, na ubavuni una tundu. "Tumekipata, Mwalimu!" Wote walikusanyika, kila mmoja na kalamu mkononi.

Kitabu tulichokuwa nacho kilieleza kiota cha ndege wetu kwa namna nyingine. Sistikola huyu hachukui majani makavu na kuyafuma mviringo. Dume huchagua nyasi zilizo hai, zikiwa bado zimesimama kwenye mizizi yake, akaziunganisha kwa utando wa buibui mpaka zikawa mfuko mwembamba uliosimama wima, wenye mdomo upande wa juu. Jike akikubali, hutandika ndani kwa sufi laini ya mimea. Kwa kuwa nyasi zenyewe zingali hai, kiota huendelea kuwa kijani kama majirani zake, na hii ndiyo sababu mtu aweza kusimama hatua mbili tu kutoka hapo asikione.

Basi mviringo ule ulikuwa wa nani? Kundi moja lilisema ni wa ndege wala mbegu. Kundi la pili lilikumbusha kuwa wako sistikola wengine wa majini ambao viota vyao ni mviringo wenye mlango ubavuni. Kundi la tatu, ambalo lilikuwa dogo, lilisema kuwa hakuna ndege aliyeonekana akiingia wala kutoka, na kwa hiyo jina lolote ni la safu ya tatu. Tulibishana kwa nusu saa. Mwishowe daftari zote 12 ziliandikwa hivi: "Kiota cha majani makavu, mlango ubavuni, kitupu. Mwenyewe hajulikani." Niliona nyuso kadhaa zikiwa na huzuni, kama za watu waliopokonywa tunda. Lakini niliona pia kuwa tangu siku hiyo hakuna aliyesema "tumekipata" kwa haraka.

Dungu la mzee

Sehemu ya majani tuliyokuwa tukiitazama ilipakana na shamba la mpunga la mzee mmoja. Alikuwa ametusalimu kila Jumamosi, na sisi tulikuwa tukimwamkia na kupita. Katikati ya Aprili alitusimamisha. "Mwalimu, hawa wajukuu zangu wanatafuta nini humu? Kama ni ndege, watafute haraka. Mpunga wangu unakaribia kuchanua. Majani haya nitayafyeka, kwa maana ndege wanalala humo na wakiamka wanakuja kwangu."

Hapo ndipo kazi yetu ilipoacha kuwa zoezi. Mwanachuo mmoja alimweleza mzee kwamba ndege tunayemtafuta hali mpunga, bali hula wadudu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Umemwona akila?" Kijana alijibu kuwa imeandikwa kitabuni. "Kitabu hakilimi hapa," mzee akasema, bila hasira. "Nionyesheni. Nawapa Jumamosi mbili."

Kusema kweli, sikuwahi kumsikia mkufunzi yeyote akiuliza swali la kisayansi kwa ufupi na kwa haki kuliko lile. Mkulima yule alikuwa na hasara ya kweli ya kuogopa. Kwelea kwelea huweza kumaliza shamba, na wapo ndege wengine wadogo wanaobugia punje zikiwa bado na maziwa. Mbele ya mtu mwenye hofu ya njaa, maneno ya kupendeza juu ya uzuri wa viumbe hayana uzito. Ama tulikuwa na ushahidi, au hatukuwa nao.

Tulimwomba ruhusa ya kupanda dungu lake, naye akakubali. Kati yetu alikuwamo mwanachuo wa kike aliyelelewa upande wa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Darasani alikuwa mkimya; mara nyingi nilipouliza swali aliinamisha macho. Lakini utotoni mwake alikuwa ameamia ndege kwenye mpunga wa wazazi wake, msimu baada ya msimu, toka alfajiri mpaka jua kuzama. Alipopanda dungu alikaa kwa namna ambayo wenzake hawakuijua. Hakuhangaika. Hakugeuza kichwa kwa kila mlio. Baada ya robo saa alianza kututajia, kwa sauti ndogo, nani anaruka kwenda kula na nani anaruka kwenda nyumbani. "Anayekwenda kula hutua popote," alisema. "Anayekwenda nyumbani hutua kwanza pembeni, akatazama, ndipo akashuka."

Kwa shauri lake tuligawanyika sehemu mbili. Yeye na mwenzake mmoja walibaki juu ya dungu. Wengine walikaa kwenye ukingo wa njia, kiasi cha hatua 40 kutoka hapo. Kila upande ulichagua alama ya mbali, kama mti au nguzo, na kila ndege aliposhuka ulichora mstari kutoka mahali ulipokaa kuelekea aliposhuka. Mwisho wa asubuhi tuliweka michoro pamoja juu ya karatasi moja. Mistari ilivukana hapa na pale, lakini mingi ilivukana mahali pamoja, kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa mkeka. Somo la jometri ambalo wengi wao walilikariri sekondari bila kuona kazi yake lilikuwa limetuonyesha mahali pa kutazama, wala hatukugusa jani hata moja.

Jumamosi ya kwanza kati ya zile mbili hatukupata cha kumwonyesha mzee. Ndege alishuka mara chache sana, mdomo mtupu, akakaa muda mrefu. Safu ya tatu iliandikwa: "Huenda anaatamia." Mvua ilitufukuza kabla ya saa tatu.

Jumamosi ya pili mzee mwenyewe alikuja, akapanda dungu, akaketi karibu na yule binti. Saa 1:15 ndege alitua juu ya ubua mkavu. Mdomoni alikuwa na kitu cha kijani. Binti alimpa mzee darubini. Mzee aliishika muda mrefu, akaishusha, akasema: "Kiwavi." Kwa saa moja na nusu iliyofuata ndege walishuka mahali pale mara 19, kwa hesabu ya madaftari, na kila mara mdomo ulipoonekana vizuri ulikuwa na kiwavi, panzi mdogo au mdudu mwingine ambaye hatukumtambua. Mara mbili ndege aliondoka akiwa amebeba kitu cheupe, akakidondosha mbali. Kitabu kilitueleza kuwa ndege wengi wadogo huondoa vinyesi vya makinda, ambavyo hutoka vikiwa katika kifuko cheupe, ili kiota kibaki safi. Basi makinda yalikuwamo. Hatukuwa tumeyaona, wala kiota hatukuwa tumekiona. Lakini sasa tulikuwa na haki ya kulihamisha neno "kiota" kutoka kwenye dhana hadi kwenye hitimisho.

Mzee aliteremka. Hakutoa hotuba. Alichukua mambo manne ya mti akayachomeka kuzunguka kipande cha majani, chenye upana wa kama hatua sita kwa nane, akasema atafyeka kwingine na hapo ataacha mpaka watoto wa ndege waondoke. Kisha akaongeza: "Lakini wale wa mpunga nitawapiga kombeo." Hakuna aliyembishia, maana alikuwa na ushahidi wake.

Wiki tatu baadaye, ndege walipokuwa hawashuki tena mahali pale, tuliingia mmoja mmoja. Kiota kilikuwa shubiri moja na nusu kutoka ardhini, kitupu: mfuko wa nyasi za kijani, mwembamba kama soksi ya mtoto, mdomo wake ukitazama juu, utando wa buibui ukiwa bado unazishika nyasi pamoja. Wanachuo walikipima, wakakichora, wakakiacha.

Jirani zake wa Kilombero

Tulipokuwa tukirudi mjini binti yule wa Ifakara aliniuliza kama ndege wa kwao ni hawa hawa, kwa sababu alikumbuka milio mingine katika matete ya mto. Swali hilo lilinipa nafasi ya kueleza jambo ambalo kila mwalimu wa mkoa wa Morogoro angefaa kulijua.

Bonde la Kilombero, lililo katika mkoa huu huu, ni moja ya ardhioevu kubwa za Afrika Mashariki. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar likiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Mwaka 1990 Neil Baker na Elizabeth Baker walieleza kitaalamu aina mpya ya mnana kutoka matete ya bonde hilo, ambaye hajulikani kuishi nje ya ardhioevu hiyo. Katika matete hayo hayo walikuwamo pia sistikola wawili ambao hawakulingana na maelezo ya kitabu chochote. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002, kiliwaonyesha bila jina la kitaalamu. Wanasayansi wakiongozwa na Jon Fjeldså wa Denmark waliwaeleza rasmi mwaka 2021, mmoja akiitwa Cisticola bakerorum na mwingine Cisticola anderseni. Wote wawili ni wa Kilombero tu.

Binti alifikiri, kisha akauliza: "Mwalimu, kama walikuwepo siku zote tukiamia mpunga, ni nani ambaye alikuwa hawajui?" Nilimwambia swali hilo aliandike.

Liko jibu la haraka, kwamba watu wa bondeni waliwajua na wataalamu ndio waliochelewa. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kumjua ndege kwa mlio wake na kuthibitisha kwamba yeye si ndege mwingine yeyote aliye duniani ni kazi mbili tofauti. Na ya pili ilihitaji kulinganisha miili, sauti na chembechembe za urithi. Lakini kazi zote mbili huanza mahali pamoja: kwa mtu aliyekaa kimya kando ya matete na kuona kuwa huyu si yule. Watoto wetu wengi wamekwisha kukaa hapo. Wanachokosa ni daftari, na mwalimu wa kuwaambia kuwa walichokiona kina thamani ya kuandikwa.

Kwa walimu wenzangu

Najua kuwa mwalimu mwenye wanafunzi 80, ambaye hana darubini wala Jumamosi za ziada, atasema kazi hii ni ya chuoni. Yafaa basi nieleze namna wanachuo wetu walivyoitumia wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mmoja alitumia jurawa wa paa la darasa. Mwingine alitumia chozi aliyening'iniza kiota kwenye mti uliokuwa uani. Waligawa darasa katika makundi ya wanafunzi wanane, kila kundi likatazama dakika 10, umbali usiopungua hatua 10, kisha likaandika safu zake tatu kwa vijiti mchangani au kwa chaki sakafuni. Masharti yalikuwa haya: tusiguse kiota, tusifunue majani wala matawi, tusichukue yai, tusirudie mahali pale pale mara nyingi kwa siku moja. Makundi yaliposomeana, ubishi ulianza wenyewe, na mwalimu alikuwa na swali moja tu la kuuliza: "Hilo umeliona, au unalidhani?"

Nimeambiwa kuwa swali hilo sasa linatumiwa na watoto wa shule moja hata katika kesi za penseli zilizopotea. Sioni ubaya wowote katika hilo. Taifa lina haja ya watu wanaoweza kutenganisha ushahidi na uvumi sokoni, mkutanoni na zahanati, si maabara tu. Na mwalimu anayesema mbele ya darasa lake, "Sijui bado; tukae tutazame," anawafundisha watoto kuwa kutojua ni mwanzo wa kazi, na wala si aibu ya kufichwa kwa maneno mengi.

Masika ijayo tutarudi bondeni pamoja na wanachuo wapya. Mzee ametukubalia tena dungu lake. Tutaanza na swali ambalo madaftari 12 hayakulijibu: ule mviringo wa majani makavu, wenye mlango ubavuni, ulikuwa wa nani?